Mauzo ya unga wa lishe yamepanda baada ya kubadili mfuko. Nitajuaje kama ni mfuko?

Mama Unga Kihonda

Habari zenu wakuu. Natengeneza unga wa lishe hapa Morogoro, Kihonda. Mahindi, mtama, soya, karanga na ulezi kidogo. Napaki kilo moja moja, bodaboda anasambaza kwenye maduka ya mtaani: Kihonda yenyewe, Mazimbu, Kichangani, Mji Mpya mpaka Bigwa. Alama ya TBS ninayo. Tangu naanza nilikuwa natumia mfuko mwepesi wa plastiki wenye stika.

Mwezi wa saba nikahamia mfuko wa khaki unaosimama, wenye kidirisha mbele. Bei sikugusa. Aprili na Mei nilikuwa natoa wastani wa kilo 310 kwa mwezi. Julai na Agosti wastani umekuwa kilo 450. Kijana anayenisaidia matangazo anasema mambo yamejieleza: nichape mifuko 10,000 yenye jina na rangi zangu, shilingi 350 mmoja. Hiyo ni milioni tatu na nusu. Sina, itabidi nikope kwenye kikoba chetu.

Wateja nimewauliza pia. Nilitengeneza dodoso dogo, nikasimama dukani Jumamosi, karibu wote walisema mfuko mpya ni mzuri na wataendelea kuununua. Lakini roho inasita. Mwezi wa saba shule zilifunguliwa. Mahindi mapya yalikuwa yameshaingia, watu wamevuna, hela ipo. Agosti Nane Nane, mji ukajaa wageni. Nitajuaje kwamba unga umeuzwa na mfuko na si hayo mengine? Naomba msiniambie niajiri kampuni ya utafiti, hiyo hela ndiyo sina.

Chapa Kazi

Dada, mauzo yamepanda kilo 140 na wateja wamesema kwa midomo yao wenyewe. Unataka ushahidi gani tena? Ukikaa unachunguza, mwenzako atachapa kabla yako. Kopa, chapa, songa mbele.

Mdodosi wa Busia

Dada wa Kihonda, usikope kwanza. Roho yako inasita mahali panapostahili.

Nimefanya kazi ya udodosi miaka mingi, Busia na Bungoma upande wa Kenya, na sasa niko Dar. Jambo hili nalipenda na linaniuma ninapoona mtu mwenye mtaji mdogo anasukumwa kwenye deni kwa hesabu ya "kabla na baada". Kwa hiyo univumilie nikiandika kirefu.

Nianze na dodoso lako. Mteja amesimama dukani, mwenye unga yuko mbele yake, anaulizwa kama mfuko ni mzuri. Atajibu nini? Na hata akiulizwa na mgeni asiyemjua, jibu lake ni la Jumamosi ile. Siku ya kununua atakuwa na elfu tano mkononi, mtoto anataka daftari, mafuta ya kula yameisha. Busia kuna utafiti wa mbolea wa Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, uliochapishwa mwaka 2011. Wakulima waliokuwa wameshiriki kwenye mashamba ya mfano, wameona mbolea inavyofanya kazi, waliulizwa kama wataitumia msimu unaofuata. Zaidi ya asilimia 97 walisema ndiyo. Waliotumia kweli walikuwa kama asilimia 37. Hawakuwa wakidanganya. Waliposema walimaanisha, ila kati ya mavuno na kupanda hela ilikwenda kwingine.

Ndipo watafiti wakafanya jambo ambalo dodoso haliwezi kufanya. Waliwafuata wakulima mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado ndani, wakawauzia vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida na kuwaahidi kuifikisha bure wakati wa kupanda. Matumizi yalipanda sana, kwa kiwango kinacholingana na pale punguzo la nusu bei lilipotolewa baadaye karibu na kupanda. Walijuaje kuwa ni vocha ya wakati wa mavuno iliyofanya kazi, na si mvua, si bei ya mahindi, si kwamba wakulima waliofuatwa ni wale wenye bidii? Kwa sababu kura ndiyo iliyoamua nani afuatwe na nani asifuatwe. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wote. Wenye bidii wako pande zote mbili. Kinachobaki tofauti kati ya makundi ni ile vocha tu, na bahati, na bahati inapimika.

Hapo ndipo penye uzito wote, dada. Wewe sasa hivi unalinganisha Aprili na Julai, na kati ya miezi hiyo vimebadilika vitu vingi kwa pamoja, mfuko ukiwa mmojawapo. Huwezi kuvitenganisha kwa kuvitazama. Ronald Fisher alifika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, akakuta tatizo hilihili shambani: ukiweka mbolea upande mmoja wa shamba na mwingine usiweke, utajuaje kama mazao yameletwa na mbolea au udongo wa upande ule ulikuwa na rutuba tangu zamani? Jibu lake lilikuwa kugawa shamba vipande vidogo na kuiachia kura ipange mbolea iende wapi. Maduka yako ndiyo vipande vyako.

Kabla hatujafika huko, nijibu mawili, yote yamo kwenye daftari lako. Kwanza, una bidhaa nyingine unayosambaza kwenye maduka hayohayo ambayo mfuko wake hukubadili? Yenyewe ilikwendaje Julai na Agosti? Pili, hizo kilo 450 ni kilo zilizonunuliwa na wateja au ni kilo alizoshusha bodaboda madukani? Maana mwenye duka akiona mfuko mpya anaweza kuchukua mifuko kumi mahali alipokuwa akichukua sita, hasa kama unampa mali kauli, na nne zikakaa rafuni zinasubiri. Kwenye daftari lako hayo yanasomeka kama mauzo. Kwa mteja hakuna kilichotokea.

Mama Unga Kihonda

Asante sana kaka. Umenifanya nifungue daftari usiku.

Nina unga wa muhogo, uko kwenye mfuko uleule wa zamani, maduka yaleyale. Aprili na Mei wastani kilo 140, Julai na Agosti kilo 180. Umepanda na wenyewe! Sikuwahi kuuangalia hivyo.

Swali la pili limenichoma. Ni kilo nilizoshusha. Maduka karibu yote ni mali kauli, wananilipa bodaboda anaporudi mzunguko unaofuata. Kilichobaki rafuni huwa sihesabu.

Nina maduka 19. Mifuko ya khaki niliyonunua Kariakoo imebaki 300 hivi. Mfuko wa zamani pamoja na stika unanigharimu shilingi 200. Faida yangu kwa kilo nikitoa kila kitu, usafiri ukiwamo, ilikuwa kama 700. Nikitaka kufanya hilo jaribio la kura, nalifanyaje? Na sasa maduka yote yameshapata khaki, nikirudisha mfuko wa zamani kwa baadhi yao hawatasema nimefilisika?

Tangazo Simu

Naomba niingie hapa kwa upande wangu wa matangazo ya mtandaoni, maana Mdodosi amegusa kitu ambacho kwetu kinapuuzwa kila siku.

Mteja wangu analipia tangazo, watu wanabofya, wananunua, ripoti inasema tangazo limeleta wanunuzi kadhaa. Kila mtu anafurahi. Lakini swali ni hili: kati ya hao, wangapi wangenunua hata kama tangazo lisingekuwapo? eBay, soko la mtandaoni la Marekani, walikuwa wanalipia matangazo ili mtu akiandika neno "eBay" kwenye mtambo wa kutafuta, tangazo lao litokee juu. Ripoti zilionyesha matangazo hayo yanaleta watu wengi mno. Machi 2012 wakayazima kwenye Yahoo na MSN, wakayaacha Google. Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis waliandika kilichotokea: asilimia 99.5 ya watu wale waliingia eBay vilevile, kwa kubofya kiungo cha kawaida kilichokuwa chini ya tangazo. Hela yote ile ilikuwa inalipwa kwa mtu aliyekuwa ameshafika mlangoni.

Baadaye wakazima matangazo ya maneno mengine kwenye baadhi ya maeneo ya Marekani na kuyaacha maeneo mengine, wakalinganisha mauzo. Tangazo lilisaidia kwa watu wapya na wanaonunua mara chache sana. Kwa wateja wa kila siku halikuongeza kitu, na hao ndio waliokuwa wanakula sehemu kubwa ya bajeti.

Kwa hiyo dada, hata huyo kijana wa matangazo akikwambia "walioona posti wamenunua zaidi", muulize wasioona walinunua kiasi gani, na nani aliamua nani aione.

Mdodosi wa Busia

Ahsante Tangazo Simu, huo mfano wa eBay ndio ninaowapa vijana wanaoanza kazi.

Sasa dada. Daftari lako limeshasema mengi. Lishe imepanda kwa asilimia 45. Muhogo, bila mfuko mpya, umepanda kwa asilimia 29 au karibu hapo. Kama msimu ungeuinua unga wa lishe kwa kiwango kilekile, ungefika kilo 400 hata kwenye plastiki. Mfuko unabaki kudai kilo 50, si 140. Na hata hizo 50 sizitii muhuri, kwa sababu muhogo na lishe havinunuliwi na watu walewale kwa sababu zilezile: shule zikifunguliwa ni uji wa mtoto unaotafutwa asubuhi, ugali wa muhogo haujali ratiba ya shule. Tena hatujui zipi zimekaa rafuni. Ulinganisho wa namna hii unakusaidia kupunguza uongo, lakini kuumaliza hauwezi. Ndiyo maana ya kura.

Kabla ya kura, hesabu moja ya faida, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea hata jaribio lao likiwa zuri. Mfuko wa kuchapa ni 350, wa zamani ni 200. Kila kilo inakula 150 zaidi, faida yako inashuka kutoka 700 hadi 550. Ukiuza mifuko 100 ya zamani unabaki na 70,000. Ili ubaki na kiasi hicho kwa mfuko mpya lazima uuze 128. Kwa hiyo hutafuti kujua kama mfuko unaongeza mauzo. Unatafuta kujua kama unaongeza kwa zaidi ya asilimia 27 na kitu, na hapo riba ya kikoba sijaiweka. Mfuko unaweza kuwa unapendwa kweli, unauza zaidi kweli, na bado ukakutia hasara kila mwezi. Liandike hilo kwenye karatasi kabla hujaanza: "Nitachapa ikiwa ongezeko ni zaidi ya 28 kwa 100." Ukishaona matokeo, moyo utaanza kutafuta sababu za kuchapa.

Sasa namna ya kufanya. Chukua maduka 19, uangalie yaliyo jirani kabisa, yale ambayo mteja akikosa hapa anavuka barabara. Hayo yahesabu kama duka moja, au utumie moja tu kati yao. Ukiweka khaki kwa huyu na plastiki kwa jirani yake, mteja atatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na tofauti itaonekana kubwa, wakati unga uliouzwa kwa jumla ni uleule. Magharibi mwa Kenya kulikuwa na jaribio la kuwakopesha wakulima wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza mahindi bei ikiwa chini. Marshall Burke na wenzake walilichapisha 2019. Pale waliopata mikopo walipokuwa wengi eneo moja, bei ya soko lenyewe ilisogea, na wasiokopeshwa wakaguswa bila kupewa chochote. Kundi lako la kulinganishia likishaguswa, halikuonyeshi tena hali ingekuwaje.

Tuseme umebaki na maduka 16. Yapange kwa ukubwa wa mauzo, kisha uyaoanishe: kubwa na kubwa, dogo na dogo, ikiwezekana la mtaa wenye maisha yanayofanana. Utapata jozi 8. Kila jozi rusha shilingi: kichwa, duka la kwanza lipate khaki, mwenza wake plastiki, mwenge au chochote kilicho upande wa pili, kinyume chake. Usichague wewe. Nalisisitiza kwa sababu nimeona wasimamizi wenye nia safi kabisa wanasema "huyu Mangi ni mchangamfu, tumpe mpya, atatutendea haki." Ukimpa mchangamfu, umepima uchangamfu wake.

Anza wote siku moja, malizeni siku moja. Wiki sita angalau. Mfuko wa kilo moja unakaa nyumbani wiki moja mpaka mbili, kwa hiyo wiki mbili za kwanza hazina unachoweza kusoma, na unataka mwisho wa mwezi mshahara unapoingia uwemo angalau mara moja. Wiki sita kwa maduka nane zitahitaji mifuko ya khaki kama 350, ongeza kidogo kwenye ile 300 uliyonayo. Hiyo ni hela ndogo mbele ya milioni tatu na nusu.

Na kuhesabu: bodaboda akifika, kabla hajashusha kitu, ahesabu iliyopo rafuni. Iliyokuwapo mara ya mwisho, jumlisha iliyoshushwa, toa iliyopo sasa. Hiyo ndiyo iliyouzwa. Aandike pia kama alikuta rafu tupu, na hili ni la muhimu kuliko linavyoonekana: duka lililoishiwa siku nne haliwezi kuuza hata mfuko ukiwa wa dhahabu. Hakikisha pande zote mbili haziishiwi.

Kuhusu kurudisha mfuko wa zamani, usiwadanganye wenye maduka. Waambie ukweli: khaki ni michache, unaamua kama utachapa, kwa sasa baadhi ya maduka yatapata wa zamani, unga ni uleule, tarehe ileile. Usiongeze neno. Mwenye duka akijua unashindanisha duka lake na la mwenzake, ataanza kuusukuma unga wako kwa nguvu, na wiki sita zikiisha nguvu ile inakwisha.

Mzee wa Rafu

Nina duka la rejareja Mji Mpya miaka mingi, nami niseme kidogo. Huyu mama sijui kama ndiye anayeniletea, lakini unga wa lishe wa khaki ninao. Plastiki nilikuwa nauweka chini karibu na magunia kwa sababu haukai wima, unalala na kuteleza. Huu wa khaki unasimama, kwa hiyo nimeuweka usawa wa macho, pembeni ya maziwa ya unga. Sasa mtoto anakuja na mama yake anauona. Je, hapo ni mfuko umeuza au ni mimi nimeuza kwa kuupandisha?

Mdodosi wa Busia

Shikamoo mzee. Swali lako ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina za watu wenye shahada.

Kwa uamuzi wa huyu dada, ni mfuko. Mzee ameupandisha kwa sababu unasimama. Dada akichapa, wenye maduka wengine nao watafanya hivyohivyo, kwa hiyo njia hiyo ni sehemu ya faida ya mfuko na inatakiwa iingie kwenye hesabu. Kwa sababu hiyo dada usiwaelekeze wauweke wapi, waache waamue wenyewe. Bodaboda aandike tu umekaa rafu gani.

Lakini umefungua mlango mwingine mzee. Inawezekana khaki, rangi na jina havina kazi yoyote, na kinachouza ni kusimama. Basi mfuko wa plastiki wenye kitako, au kijisanduku cha ubao cha kuusimamisha ule wa zamani, vingeweza kufanya kazi ileile kwa hela kidogo. Hilo ni jaribio la pili, na ukitaka kuliingiza sasa utahitaji makundi matatu na maduka hayatatosha. Lishike kichwani. Jaribio la kwanza likionyesha ongezeko, na yaliyoongezeka ni yale tu yaliyopandisha unga juu, utakuwa na sababu nzuri ya kulijaribu kabla ya kuchapa.

Mama Unga Kihonda

Shikamoo mzee, na ndiyo mimi ninayekuletea nadhani, kama ni lile duka la kona lenye friji ya soda nje.

Kaka Mdodosi, mawili. Wiki sita zikiisha nasomaje? Sina programu ya takwimu. Na la pili, mume wangu anasema kwa nini tusijaribu bei kwa wakati mmoja, tupunguze mia tatu kwenye yale maduka ya khaki tuone.

Mdodosi wa Busia

Nianze na shemeji. Akipunguza bei kwenye maduka ya khaki na mauzo yakapanda, atarudi palepale ulipoanzia: bei au mfuko? Bei ijaribiwe peke yake, baadaye, na inastahili jaribio kwa sababu kwenye bei akili zetu zinatudanganya sana. Miaka ile watu wengi waliokuwa wakigawa vyandarua waliamini kwamba mtu asipolipa hata kidogo hatakithamini chandarua, atakitupa. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakapiga kura kwa kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, kliniki 20, nyingine vyandarua bure, nyingine kwa bei ndogo hadi shilingi 40 za Kenya, nyingine hakuna mpango. Matokeo yalitoka 2010. Kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 katika kila mia. Na waliopewa bure walivitumia nyumbani sawa na waliolipa. Imani iliyokuwa inaongoza mipango ya watu wenye elimu kubwa haikusimama. Angalia pia kwamba walipiga kura kwa kliniki, hawakupiga kwa mama mmoja mmoja, maana kumtoza jirani bei tofauti kwenye foleni moja ni kuzua ugomvi. Nanyi mkija kujaribu bei, fanyeni kwa mitaa iliyo mbalimbali, Bigwa na Mazimbu kwa mfano, wala si maduka mawili yanayoonana.

Ila shemeji asivunjike moyo, ana sababu ya kuweka bei na sura ya bidhaa kwenye sentensi moja. Afrika Kusini kampuni ya mikopo ilituma barua kama 53,000 kwa wateja wake wa zamani, kila barua ikiwa na riba na muonekano uliopangwa kwa kura. Marianne Bertrand na wenzake waligundua kwamba vitu vidogo kwenye barua, kama picha ya mwanamke au kuweka mfano mmoja wa mkopo badala ya minne, viliongeza maombi sawa na kushusha riba kwa robo. Waliweza kuvipima vyote viwili kwa pamoja kwa sababu kila kimoja kilikuwa na kura yake, na barua zilikuwa maelfu. Maduka 16 hayatoshi kwa hilo.

Sasa kusoma matokeo. Huhitaji programu, unahitaji karatasi. Kila jozi, chukua mauzo ya duka la plastiki, uyazidishe kwa 1.28, yaani kile kiwango chako cha kutopata hasara. La plastiki likiuza 20, la khaki linatakiwa lifike 26 ndipo lihesabiwe limeshinda. Fanya hivyo jozi zote 8, uhesabu khaki imeshinda ngapi.

Kama mfuko unafika tu pale kwenye kiwango cha kurudisha gharama na hauna cha ziada, kila jozi ni sawa na kurusha shilingi. Kurusha mara 8 kuna njia 256 za kuangukia. Njia ya kupata 8 zote ni moja, za kupata 7 ni nane. Kwa hiyo kushinda 7 au zaidi kwa bahati tupu ni 9 kati ya 256, chini ya mara 4 katika 100. Ukipata 7 au 8, kopa, kachape, na mimi nitakutakia heri. Kupata 6 au zaidi ni 37 kati ya 256, kama mara 14 katika 100. Hapo mimi nisingekopa milioni tatu na nusu. Ningeendelea wiki nne nyingine, au ningetafuta mchapaji anayekubali mifuko 2,000 hata kama bei ya mmoja ni juu kidogo. Ukipata 5 kushuka chini, baki na plastiki, na ile riba ya kikoba inunue soya.

Chapa Kazi, ndugu yangu, nimekusikia kuhusu kasi. Wiki sita ni fupi kuliko muda wa kulipa deni la mifuko iliyokaa stoo.

Chapa Kazi

Hiyo hesabu ya 128 sikuwa nimeiona. Mimi nauza sabuni ya maji Dodoma na nimebadili chupa mwezi uliopita. Nitaifanya leo.

Mama Unga Kihonda

Nimekaa na daftari na mume wangu. Yaliyo jirani kabisa yalikuwa mawili tu pale Kichangani, nimebakiza moja. Tumebaki na 18. Duka la dawa la Mazimbu nimelitoa kwa sababu linauza kwa wagonjwa, halifanani na lolote. Yamebaki 17, jozi 8 zimekaa vizuri, na moja la Bigwa, dogo, liko mbali peke yake, halina mwenza. Nalo nilirushie shilingi?

Mdodosi wa Busia

Hapana. La Bigwa lipe plastiki kama kawaida na usiliingize kwenye hesabu, khaki zako ni chache. Shilingi arushe mumeo, wewe uandike, kabla bodaboda hajapakia mzigo wa kwanza.